Maziwa ya Bibi Auleria

Asubuhi ile foleni ya sabuni ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika la Nangolwe, ikapita chini ya dirisha la ofisi ya kijiji, ikakata kona penye mashine ya kusaga iliyoharibika. Bibi Auleria alikuwa pale konani. Mbele yake alisimama fundi cherehani, nyuma yake Marietha, mke wa katekista, na watatu hao walikuwa wamekwisha kuzungumza habari zote za kuzungumzwa, za mvua, za mchwa na za lori la ushirika lililokwama njia ya Kiegei. Ndipo maziwa yakamtoka Bibi Auleria.

Hayakuja kwa kishindo. Alihisi kifua kinajaa, kama kilivyokuwa kikijaa zamani anaporudi shambani na mtoto kaachwa nyumbani, kisha gauni likalowa pande zote mbili. Alikuwa na miaka sitini na ushee. Mwanawe wa mwisho, Dastani, alikuwa mwalimu aliyeanza kuota mvi.

"Bibi, umelowa," Marietha akasema.

"Ni maziwa."

"Ulibeba chupa?"

"Ya kwangu mwenyewe."

Marietha akachungulia, akaona ni kweli, akamtupia mabegani kanga yake ya juu. "Nenda kajibadili, bibi. Nafasi yako nitakutunzia." Lakini Bibi Auleria hakutoka. Sabuni ilikuwa haijaonekana kijijini tangu kabla ya Pasaka, na mtu mwenye akili zake haachi foleni ya sabuni kwa ajili ya maziwa. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Watu wa Nachingwea walikuwa wameshazoea kuvikosa vitu vinavyopaswa kuwepo. Kikitokea kimoja kisichopaswa kuwepo walisogea kidogo kikapita. Bibi alipata mche wake, akarudi nyumbani.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa mwanawe. Bibi Auleria alikuwa mgeni katika nchi hii ya mikorosho. Kwao ni Misenyi, ng'ambo ya mto Kagera, na vita vilipopita kule mwaka wa sabini na nane vilichukua ng'ombe, vikachukua mabati, vikaacha migomba imelala chini. Dastani, ambaye serikali ilikuwa imeshampeleka kusini kufundisha, alimfuata mama yake, akamleta kwa meli, kwa treni na kwa lori, akampa chumba katika nyumba ya mwalimu. Bibi hakuwa na pengine pa kulala duniani. Alilijua hilo kila alipoamka.

Nyumba iligusana na uwanja wa shule. Akikaa kibarazani kuchambua maharage aliwasikia watoto wa darasa la saba vizuri kuliko walivyosikiana wenyewe. Siku ile, gauni limelowa na mche wa sabuni mkononi, alimkuta Dastani katikati ya somo la sayansi.

"Kifaranga katotolewa leo. Kivuli cha mwewe kikipita, anajificha. Nani kamfundisha?"

"Hakuna!" darasa likajibu.

"Mnana hajawahi kuona kiota kikijengwa. Ukifika wakati anajenga, na kinakuwa sawasawa na cha babu yake. Nani kamfundisha?"

"Hakuna!"

"Hiyo ndiyo silika. Mnyama anaongozwa na silika. Na binadamu je?" Darasa likasita. "Binadamu ana akili," Dastani akajijibu, "na akili ndiyo bwana wa silika. Ndiyo maana mbuzi anafungwa kamba, nyinyi hamfungwi."

Watoto wakacheka. Dastani alikuwa mwalimu hodari, na afadhali lisemwe mapema, kwa maana huko mbele litasahaulika. Alijua kuimba, alijua kuchora moyo wa chura ubaoni kwa chaki tatu za rangi, na wale waliokuwa na kichwa chepesi aliwafundisha tena jioni, shule ikishafungwa, bila kudai chochote. Kwenye dawati la mbele, karibu na dirisha, walikaa wanafunzi wawili mahali pa watatu.

Mkwewe, Felomena, mke wa Dastani, alikuwa jikoni. Alimtazama Bibi Auleria mara moja tu, kifuani, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Aliingia chumbani akatoka na nepi ya zamani ya wanawe, akaikata mbili kwa kisu cha vitunguu.

"Weka hizi, mama. Zinanyonya vizuri."

"Huniulizi?"

"Ugali utaungua," Felomena akasema, na akarudi kwenye mwiko.

Dastani aliporudi kula alielezwa. Alisema ni tezi. Mtu akizeeka tezi nazo huchanganyikiwa. Kesho yake alimpakia mama yake kwenye baiskeli akampeleka hospitali ya misheni, akamwacha kwenye benchi, akawahi kipindi. Mtawa aliyempima naye alikuwa mzee. Alikamua matone mawili kwenye kijiko, akayaonja.

"Maziwa haya ni mazuri," akasema. "Wewe si mgonjwa. Kuna mtoto analia mahali. Mtafute." Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Kumtafuta hakukuwa kazi. Kabla jua halijageuka kifua kilijaa tena, na safari hii Bibi Auleria alikuwa makini. Akielekea mtoni, kilitulia. Akielekea kanisani, kilitulia. Akielekea njia ya Kiegei, maziwa yalitangulia na yeye akafuata nyuma, kama mtu anayevutwa na mbuzi wake mwenyewe. Alipita mikorosho ya ushirika, akapita kisima, akapita shamba la ufuta, hata akatokea kwenye boma la mzee Saturnini, na hapo alikisikia kwa masikio kile kilio ambacho kifua kilikuwa kimeshakisikia.

Valentina alikuwa amekaa juu ya mkeka kwenye kivuli cha jiko, na kichanga mapajani. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alichelewa kuanza shule, kama wengi wa rika lake waliohamishwa huku na huku wakati wa vijiji vya ujamaa, lakini alipoanza aliwapita wote kwa hesabu. Aliachishwa shule mwanzoni mwa mwaka, tumbo lilipoonekana. Mwalimu mkuu alimwuliza ni nani. Valentina akatazama sakafu. Mwalimu mkuu akasema kanuni ni kanuni. Sasa alikuwa amejifungua, na maziwa yalikuwa yamegoma kumtoka. Mama yake, Teodosia, alikuwa akimlisha mtoto uji wa mtama mwepesi kwa ncha ya kijiko. Maziwa ya kopo hayakuwepo dukani, na katika nchi ile yenye mbung'o ng'ombe walikuwa hadithi.

Bibi Auleria alinawa mikono, akakaa, akampokea mtoto. Mtoto akanyamaza, akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. Bibi hakumchunguza vidole wala masikio, kama wafanyavyo watu wanaotafuta ushahidi. Alijua. Moyo ulimwuma na ukafurahi kwa wakati mmoja, na hakujua amwonyeshe nani ule wa kwanza na nani ule wa pili.

"Asante, bibi," Teodosia akasema, akaenda kuchochea moto, kwa sababu mgeni lazima ale.

"Shikamoo, bibi," Valentina akasema. Alisema akitazama mkeka.

"Marahaba, mwanangu. Maziwa yako yatakuja. Yanakuogopea tu."

Mzee Saturnini alirudi toka shambani akawakuta hivyo. Yeye ndiye alikuwa mjomba, kaka yake Teodosia, na kwa Wamwera wa pale mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Baba alikuwa kama mvua: inyeshe, ishukuriwe, isiulizwe imetoka wapi. Saturnini aliegemeza jembe lake, akamsalimu mgeni, akatazama mtoto anavyonyonya.

"Karibu, bibi. Nyonyesha tu. Lakini ujue, huyu ni wa kwetu."

"Kwetu sisi mtoto ni wa kwa baba yake," Bibi Auleria akasema.

"Kwenu ni mbali," Saturnini akajibu, bila ubaya wowote, na akaomba maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo Bibi Auleria alikwenda asubuhi, mchana na jioni. Kijiji kilielewa upesi. Kila aliyewahi kuchunga anajua kwamba mbuzi hamnyonyeshi mtoto wa jirani. Atamnusa, atampiga kichwa, ataondoka. Hakuna aliyelitamka jambo lenyewe. Watu walimsalimu Dastani kama zamani, "Habari za kazi, mwalimu," ila sasa walisimama kitambo kidogo zaidi kabla ya kuendelea na safari. Marietha alimletea bibi supu ya pweza mkavu, akisema inaongeza. Mwanamke mwingine alimletea karanga. Na Felomena alifua vitambaa kila siku kwa ile sabuni ya foleni, akavianika nyuma ya nyumba, ambako uwanja wa shule hauoni.

Jioni moja Dastani alikuja akaketi karibu na mama yake. Mikono yake bado ilikuwa na vumbi la chaki.

"Mama, kesho usiende."

"Atalia."

"Watoto wote wanalia."

"Na mimi nitalowa."

"Binadamu ana akili, mama. Mtu akitaka, anajizuia."

Bibi Auleria aligeuka akamtazama vizuri. "Hilo ungeanza kumwambia nani, Dastani?"

Dastani akajikung'uta vumbi la chaki. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, na mama yake aliijua. Ndiyo sauti aliyokuwa akiitumia utotoni akivunja kibuyu. "Nikifukuzwa kazi, nyumba hii ni ya serikali. Mimi, Felomena, watoto, wewe, wote nje. Utarudi wapi? Misenyi kuna nini?"

Misenyi hakukuwa na kitu. Mchuma janga hula na wa kwao, Bibi Auleria akawaza, na wa kwao ndiye mimi. Alikasirika, lakini hasira yake haikuwa na pa kulala zaidi ya ndani ya nyumba ileile.

Basi kesho yake alijifunga. Felomena alimzungushia kanga mbili kifuani, akakaza fundo mgongoni kama mtu anayefunga gunia la ufuta. Mtoto alipolia, maziwa yalipita kwenye kanga ya kwanza, yakapita kwenye ya pili, yakateremka miguuni, yakavuka sakafu, yakatokea chini ya mlango. Yaliingia uwanja wa shule yakiwa kijito chembamba. Kuku wa mwalimu mkuu wakanywa. Watoto wa madarasa ya chini waliokuwa mstarini wakiimba wimbo wa taifa waliinua nyayo yakapita. Darasa la saba lilikuwa kwenye njia yake, kwa hiyo kijito kiliingia kwa mlango wa nyuma, kikapita chini ya madawati, kikapita kati ya viatu vya Dastani, ambaye alikuwa akieleza jinsi nyuki wanavyogawana kazi na hakuacha kueleza, kikatoka kwa mlango wa mbele kuelekea njia ya Kiegei. Kilifika kisimani, jua likakikausha.

Bibi Auleria alikisindikiza kwa macho tangu mlangoni. Kisha akamwambia Felomena afungue fundo. Felomena alilifungua upesi, kama aliyekuwa akingoja kuambiwa, na bibi akaenda zake. Njiani aliamua kwamba ikiwa ni kulala nje, atalala nje mtoto ameshiba.

Wiki ile kamati ya shule iliitishwa. Mwenyekiti wake, mzee Kasmiri, alieleza kwamba ajenda ni moja, nayo ni usafi wa mazingira ya shule, kutokana na maziwa. Walikaa katika darasa la saba watoto wakiwa wameshaondoka. Alikuwepo mwalimu mkuu, alikuwepo Dastani kama mwalimu wa sayansi, alikuwepo Saturnini kama mzazi. Valentina alikuwa nje, dirishani, amembeba mtoto mgongoni. Hakualikwa, ila hakufukuzwa.

Bibi Auleria aliomba kusema. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukoba, kila neno likitoka limenyooka, na wote walimsikia.

"Mimi sina cha kupata kwa kusema uongo. Huyu ni mwanangu wa kumzaa, nakula kwake, nalala kwake. Mtoto yule ni wake. Maziwa yamesema kabla yangu. Naomba binti arudishwe darasani. Mtoto mtaniachia mimi, nitamkalia hapo kibarazani, akilia nitamnyonyesha, na binti atasoma. Ni hilo tu."

Dastani alikuwa akitazama viatu vyake. Havikuwa na kitu. Vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi.

Mzee Kasmiri aliona jambo hili linataka mtaalamu, akamwita Ignasi, bwana mifugo, ambaye alikuwa nje anazungumza na mwenye mbuzi mwenye upele. Ignasi aliingia, akaelezwa, akaomba waletwe watoto wachanga wawili. Marietha, aliyesimama nje karibu na Valentina, alimtoa kichanga chake. Alipopakatwa na Bibi Auleria, kifua kilikauka kama jiwe la kusagia, na mtoto akatema akalia. Alipopakatwa wa Valentina, maziwa yaliruka yakafika kwenye ubao. Ignasi alirudia jaribio upande wa pili, ili pasiwe na maneno. Kisha alifuta mikono.

"Kwa mbuzi ningesema suala limekwisha," akasema. "Kwa binadamu sina mamlaka." Akamrudia yule mwenye upele.

"Tumemsikia mtaalamu," mzee Kasmiri akasema. "Mwalimu mkuu?"

"Kanuni inasema mwanafunzi akiwa mzazi si mwanafunzi tena. Huyo sasa ni mzazi. Maziwa yawe ya nani, yeye ni mzazi."

"Na mzazi wa pili?" Bibi Auleria akauliza.

"Kanuni inamtaja mwanafunzi, bibi. Mwalimu hakutajwa."

Hapo Saturnini akainuka, na Bibi Auleria alitumaini kidogo, kwa sababu mzee yule alikuwa mtu mwema. Lakini Saturnini alikuwa amesikia jambo moja tu katika maneno yote ya bibi, nalo ni *mtoto mtaniachia mimi*.

"Sisi hatujamlalamikia mtu," akasema. "Hatudai. Mtoto ni wa ukoo wetu, ameshapewa jina, anaitwa Felisian. Bibi akitaka kunyonyesha, mlango uko wazi, tunamshukuru sana. Lakini baba asituletee. Baba leo, kesho watamtaka mtoto apelekwe Bukoba."

"Simtaki Bukoba, namtaka mama yake hapa!" Bibi Auleria akapaza sauti, akigonga dawati la mbele kwa kiganja.

"Ndiyo, bibi," Saturnini akasema kwa upole, kama anavyojibiwa mtu ambaye nia yake imeshajulikana.

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. Familia haina malalamiko, akasema, na pasipo malalamiko hapana kesi. Toka dirishani Valentina alisema, si kwa sauti kubwa, "Mtihani bado. Mimi naomba kuufanya tu."

"Tumekusikia, binti," mzee Kasmiri akasema. Kwa Nangolwe neno hilo maana yake ni kwamba kikao kinaelekea mwisho. Kamati iliazimia uchimbwe mfereji wa kuzuia maziwa yasiingie darasani, na wasichana wote wa shule waonywe kuhusu tabia. Mfereji ulichimbwa kesho yake na wavulana wa darasa la saba, katika kipindi cha elimu ya kujitegemea. Ulikuwa mfereji mzuri, wenye mteremko uliopimwa kwa kamba. Dastani mwenyewe ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kupima.

Nyumbani hakumfukuza mama yake. Alimpisha tu, kama mtu anavyopisha ng'ombe mlangoni. Akila, alikula akitazama sahani. Ilipofika Jumapili aliongoza kwaya, na sauti yake ilikuwa nzuri kama kawaida, hata Bibi Auleria, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake na vitambaa viwili kifuani, alijikuta anamwonea fahari, kisha akajichukia kwa kumwonea fahari.

Siku ya mtihani wa darasa la saba Bibi Auleria alikuwa bomani kwa Saturnini tangu asubuhi. Felisian alikuwa na meno mawili na alinyonya kwa kuuma. Valentina alifagia uwanja, akateka maji, akatwanga, akafagia tena mahali palepale. Halafu akaokota kijiti, akaandika hesabu mavumbini, mstari chini ya mstari, akazimaliza zote, akasimama akizitazama. Bibi Auleria hakujua kusoma. Aliona tu kwamba ni nyingi, na zimepangika.

"Umepata?" akamwuliza.

"Nimepata," Valentina akasema, akachukua ufagio.

Bibi Auleria aliona aibu siku ile kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeiba. Alimzaa mwizi, akamlisha, akamfulia, na sasa alikuwa akilipa kwa maziwa, na maziwa hayafiki kwenye darasa. Alilia kidogo. Mtoto hakuacha kunyonya.

Felisian alipoanza kula ugali maziwa yalipungua, yakawa ya asubuhi tu, yakawa ya Jumapili, yakakoma. Mwaka uliofuata ulikuja uhamisho. Dastani alipandishwa cheo akawa mwalimu mkuu katika shule moja upande wa Ruangwa, mbele ya Likunja. Kijiji kilimuaga kwa heshima. Mbuzi alichinjwa, mzee Kasmiri alimshukuru kwa mfereji, mwalimu mkuu alisema Nangolwe inapoteza na Ruangwa inapata. Saturnini alileta gunia la ufuta la kumsindikiza, kwa sababu mwalimu ni mwalimu. Valentina alikuwa miongoni mwa wanawake waliopika.

Lori lilipokuwa likipakiwa, Teodosia alimvuta Bibi Auleria kando. "Baki, bibi. Kuna chumba. Mjukuu wako huyu hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa boma lile kumwita Felisian mjukuu wake. Bibi Auleria alimchukua mtoto, akamnusa utosini. Alitaka kubaki, alitaka hasa. Alimtazama Dastani juu ya lori akifunga godoro kwa kamba, shati limemtoka kiunoni, na hakuna aliyekuwa akimsaidia. Miguu yake ilianza kwenda. Haikuuliza akili. Alikwishafika kwenye lori, ameshika ncha ya pili ya kamba, ndipo akajua kwamba anakwenda.

Valentina alimfuata kumchukua mtoto.

"Nisamehe, mwanangu," Bibi Auleria akasema.

"Wewe ulikuja, bibi," Valentina akasema. Jina la aliyekuwa juu ya lori hakulitaja, na lori likaondoka.

Shule mpya ilikuwa na bati jipya, na nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa na vyumba vinne. Dastani aliendelea kufundisha sayansi, ingawa cheo kilimruhusu kupumzika. Aliendelea pia kuwafundisha jioni wale wenye kichwa chepesi. Wazazi walimpenda upesi. Walikuja na kuku, na maembe, na mmoja wa kule Namungo alikuja na mkungu wa ndizi aliosikia kwamba watu wa Bukoba wanaupenda. Bibi Auleria aliumenya, akaupika kwa maharage, na kwa muda wa mlo mmoja alikuwa kwao.

Katika mwaka wa pili, asubuhi ya siku ya kawaida, alikuwa kibarazani anachambua mbaazi. Alikuwa amefika nusu ya ungo. Kifua kilijaa, gauni likalowa pande zote mbili, na mbaazi zikabaki jinsi zilivyo.

Felomena alitoka jikoni. Alitazama mara moja tu. Aliingia ndani, na safari hii hakuchukua muda kutafuta; alirudi na vitambaa vilivyokwisha kukatwa, vimefuliwa, vimekunjwa, akampa, akachukua ungo.

Bibi Auleria alijifunga kanga, akavaa ndala, akatoka hadi barabarani. Alisimama pale kwanza, ametulia, asikie kunakovuta. Titi la kulia lilivuta kwenda Likunja. La kushoto lilivuta kwenda Namungo.

Akaanza na aliye karibu.